Ukuta wa Kukodi

Barabara ya Azángaro, kilomita ya kumi na saba,
ukuta wa udongo wa Fortunata Ccallo, muuza petroli ya madebe:
hatua thelathini na moja. Nilizipima mwenyewe,
kifua kikinibana kwa hewa nyembamba ya mwinuko,
daftari kwapani, Wilber nyuma yangu na ndoo zake.

Mimi ndiye niliyetumwa kutoka Lima na maneno.
Msidhani yaliota yenyewe kama magugu.
Tuliwaketisha watu kumi na wawili katika chumba chenye kioo,
tukawapa keki na soda, tukawasomea.
Mabadiliko. Wakatazama viatu vyao.
Haki. Mmoja akapiga miayo.
Maji. Mwanamke wa pembeni akaacha kutafuna.
Sisi tuliokuwa nyuma ya kioo tukapeana mikono.
Kesho yake tukauliza: maji yaje, yafike, au yarudi?
Yarudi ikashinda kwa mbali.
Ukimwambia mtu kitu chake kitarudi
anakumbuka kwamba aliibiwa,
hata kama bomba halijawahi kufika kwake.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Sisemi uongo.
Nachagua kitenzi.

Wilber alikwangua pembe moja kwa kisu,
ukuta ukafunguka kama kitunguu:
bluu ya chama cha birika, MKATE KWA WOTE,
chini yake kijani cha ngazi, TUPANDE PAMOJA,
chini yake wekundu wa watu ambao hakuna anayewakumbuka,
SASA AU KAM,
kisha majani makavu, udongo, basi.
"Kijani niliandika mimi," akasema. "Na bluu.
Unaona? A zangu zina mguu mmoja mrefu."
Kama fundi cherehani aliyekutana na shati lake mtaani
limevaliwa na mtu asiyemjua.

Fortunata akatoka akijifuta mikono.
Nikaanza: Injinia Saturnino Apaza, mtoto wa nyanda hizi,
nikamwonyesha picha, Injinia na kofia ya sufu.
(Kofia tuliinunua asubuhi ya picha,
tukaisugua kwenye sakafu ya gari ionekane imevaliwa.)
Hakuitazama. Aliinama juu ya ndoo, akanusa.
"Rangi ya mafuta au ya maji?"
"Samahani?"
"Birika walileta ya maji. Februari mvua ikaula ukuta
mpaka hapa." Akagusa goti.
"Ngazi walikuwa watu. Walileta ya mafuta."
"Ukawapigia kura?"
"Kura yangu na rangi yenu hazijuani."

Akataka ipakwe mara mbili.
Akataka na upande wa nyuma, unaopigwa na upepo.
"Nyuma nani ataona?" nikauliza.
"Mvua."

Nikapiga simu Lima. Bosi akataka kujua
magari mangapi yanapita hapo kwa saa.
Yalikuwa yamepita manne, moja limebeba kondoo.
Mia mbili, nikasema. Labda na ushei.
Akaidhinisha ndoo sita.

Wilber akamaliza mbele kabla ya adhuhuri,
MAJI YATARUDI, herufi ndefu kuliko yeye,
akazunguka nyuma, akaniita.
"Huku niandike nini?"
Nikafungua daftari. Kurasa arobaini za maneno yaliyopimwa,
kila moja na asilimia yake pembeni.
Mbele yetu kulikuwa na zizi, kamba ya nguo,
mbwa mmoja aliyelala.
"Paka tu," nikasema.

Nilipita tena siku tisa baadaye, mvua ikinyesha kwelikweli.
Ilipiga MAJI, ikapiga YATARUDI,
ikateleza juu ya mafuta, ikashuka mtaroni.
Fortunata alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukuta,
gunia kichwani, kiganja kwenye tofali la chini kabisa,
akipapasa kama ni pakavu.
Dereva akapiga honi. Hakugeuka.